Mkunga wa jadi Gonja: kazi yake, na saa ya kumpeleka mama hospitali

Wasikilizaji wetu wa Gonja, wilayani Same, wanamjua mkunga wa jadi. Mara nyingi ni mama mtu mzima aliyejifunza kwa kumfuata mama yake au shangazi, akichemsha maji na kushika taa kwa miaka kabla ya kuachiwa ampokee mtoto mwenyewe. Hana mshahara. Hushukuriwa kwa khanga, sabuni au kuku, na akiitwa wakati wa palizi, shamba lake linasubiri. Hapa tunaeleza kazi yake na mahali inapofikia mwisho.

Anachofanya

Mkunga makini hunawa kwa sabuni, huvaa glavu, huandaa mahali pasafi, wembe mpya na uzi safi wa kufungia kitovu. Mtoto akizaliwa hufutwa akauke, huwekwa kifuani kwa mama na kunyonyeshwa ndani ya saa 1. Kuogeshwa kunasubiri saa 24. Kitovu hakipakwi majivu wala samli. Kondo la nyuma halivutwi kwa nguvu, kwa sababu kulivuta huweza kuleta damu nyingi.

Asichokuwa nacho

Miaka ya 1970 na 1980 nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ziliwapa wakunga wa jadi mafunzo. Baadaye ilionekana kwamba mafunzo peke yake hayatoshi. Mkunga wa nyumbani hana sindano ya kuzuia damu, ambayo hutunzwa kwenye baridi. Hana damu ya kumwongezea mama, wala chumba cha upasuaji. Mkazo ukahamia kwa wahudumu wenye ujuzi, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka mkunga wa taaluma awe amesajiliwa na kupewa leseni.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha mabadiliko. Mwaka 2004/05, wanawake 47 katika kila 100 waliojifungua walikuwa kwenye kituo cha afya. Mwaka 2015/16 walifika 63, na mwaka 2022 wakawa 81.

Uamuzi mgumu

Hospitali ya Kilutheri ya Gonja iko Bombo. Lakini kuna kaya zilizo juu mlimani, ambako njia ni za miguu, na masika ikikolea pikipiki huteleza au kukwama. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama mwenye afya njema kwa saa chache. Kwa hiyo mkunga hahesabu uchungu tu, anahesabu na mwendo.

Hapo ndipo penye uzito. Akimtoa mama mapema na mtoto akazaliwa njiani, watu humsema kwamba ameogopa. Akisubiri na mambo yakaharibika, lawama ni yake, na mama huenda asirudi. Sisi tunasema wazi: lawama ya kuwahi ni nyepesi. Familia imuunge mkono mkunga anaposema, "Tumpeleke sasa."

Dalili zisizosubiri

• Damu kutoka wakati wa ujauzito, au kutoka nyingi baada ya kujifungua.
• Degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu.
• Homa kali.
• Chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza.
• Mtoto kuacha kucheza tumboni.
• Uchungu kupita saa 12 bila mtoto kuzaliwa.
• Mkono, mguu au kitovu kutangulia.
• Kondo la nyuma kutotoka ndani ya dakika 30.

Jiandaeni mapema

Ukiona dalili mojawapo, piga 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama, unaopanga usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga kwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandikeni kwenye simu zote za nyumbani. Wekeni kadi ya kliniki, khanga na akiba ya nauli mahali pamoja. Mama anayekaa mbali milimani ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki za mwisho.

Mkunga wa jadi bado ana kazi kubwa: kumhimiza mjamzito aanze kliniki mapema, kumsindikiza siku ya uchungu, na kumtazama yeye na mtoto wakirudi nyumbani.