Nyumba za Bia za Ancoats

Jina la Manchester si geni kwa wasomaji wetu. Vijana hulijua kwa sababu ya mpira wa miguu, na bibi zao walilijua kwa sababu ya nguo, maana kanga nyingi za zamani zilipigwa chapa huko, zikashuka bandarini Zanzibar na Mombasa. Tena mbegu za pamba zilizopandwa Uganda mwaka 1903 zililetwa kwa ajili ya viwanda vya nchi ile ile, kwa mkono wa watu wa misheni. Lakini wale waliosokota uzi wenyewe, walikaa wapi, wakala nini, na jioni walikwenda wapi? Habari hizo sisi hatukufundishwa. Basi leo tumekusudia kueleza habari za mtaa mmoja wa mji ule, uitwao Ancoats, na habari za nyumba zake za bia, ambazo nyingi zimetoweka kabisa.

Ancoats ulikuwa mtaa wa kwanza kujengwa kwa ajili ya viwanda vya mvuke. Ndugu wawili Waskoti, Adam na George Murray, walianza kujenga kiwanda chao huko mwaka 1798, na jirani yao walikuwa McConnel na Kennedy, nao Waskoti. Mfereji wa Rochdale ulipita kando yake ukileta makaa ya mawe na pamba. Kiwanda cha Sedgwick, kilichojengwa tangu mwaka 1818 hata 1820, kina ghorofa 8, na ukuta wake bado umesimama. Chini ya kuta hizo zilijengwa nyumba za wafanya kazi, zimebanana mgongo kwa mgongo, hata nyingine hazikuwa na dirisha nyuma wala ua. Jamaa nzima ilikaa katika vyumba viwili, au kimoja, au chini ya ardhi katika vyumba vya unyevu. Maji yalichotwa kwenye bomba moja la watu wengi, na choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nyingi.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Manchester. James Kay, daktari aliyetibu maskini wa Ancoats, alitembelea nyumba hizo, akaandika kitabu kuhusu hali yao mwaka ule ule. Baada yake akaja Friedrich Engels, Mjerumani, mwana wa mwenye viwanda, naye kitabu chake kilitoka mwaka 1845. Watu hawa wawili hawakufanana kwa imani wala kwa nia, lakini macho yao yaliona mambo yale yale: uchafu, moshi, watoto wagonjwa, na ulevi.

Sasa tuangalie ulevi huo ulikujaje. Kabla ya wakati ule watu wa miji ya Uingereza walikuwa wamezoea kunywa pombe kali iitwayo jini, na msomaji wetu akicheka kwa kusikia jina hilo hatutamlaumu. Serikali ilifikiri kwamba bia, kwa kuwa haina ukali mwingi, ingewaokoa watu na jini. Basi mwaka 1830 ikatolewa sheria kwamba kila mwenye nyumba aliyelipa kodi ya mji aweza kuuza bia nyumbani mwake, bila kumwomba hakimu ruhusa, ila alipe pauni 2 na shilingi 2 kwa mwaka. Tena ushuru wa bia ukaondolewa. Haikupita nusu mwaka, nyumba zaidi ya 24,000 za namna hiyo zilikuwa zimefunguliwa katika Uingereza na Wales. Mjane aliweka pipa sebuleni. Fundi wa viatu aliweka benchi mbili, akawa na kazi mbili. Na wauza jini hawakukubali kushindwa. Walipamba maduka yao kwa vioo na taa za gesi, hata mtu maskini aliyetoka katika giza la chumba chake aliona kama ameingia jumba la mfalme. Hivyo serikali ilitaka kuzima moto, nayo ikamwaga mafuta.

Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya misheni tumezoea kuziita nyumba za pombe makao ya Shetani, na kuishia hapo. Tulipoanza kusoma habari za Ancoats tulidhani tutaona neno hilo tu. Lakini kadiri tulivyosoma, tuliona jambo jingine ambalo halikutupendeza sana, nalo ni hili: nyumba ya bia ilifanya kazi nyingi ambazo hapakuwa na mtu mwingine wa kuzifanya.

Kwanza palikuwa na moto. Msokotaji alitoka kiwandani, ambamo hewa ilikuwa ya joto na mavumbi ya pamba, akaingia katika baridi na mvua, na nyumbani makaa hayakutosha. Nyumba ya bia ilikuwa na moto mkubwa, na taa, na kiti. Tena bia ilikuwa imechemshwa katika kutengenezwa kwake, na maji ya bomba la mtaa hayakuchemshwa. Mama aliyempa mtoto wake bia kidogo hakuwa mwendawazimu. Nje ya mlango kulikuwa na kibao chenye picha, kwa maana desturi hiyo ilianza zamani watu wengi walipokuwa hawajui kusoma, na majina yalifuata picha. Pembeni mwa barabara ya Oldham ipo hata leo nyumba iitwayo Crown and Kettle, yaani Taji na Birika, na dari yake ni ndefu kwenda juu, imenakshiwa kama ya kanisa. Msomaji na asishangae. Wenye kujenga walijua la kufanya.

Tena palikuwa na vyama. Mfanya kazi alipougua hakupata mshahara, na alipokufa jamaa zake waliogopa kuliko yote maziko ya maskini, yaani kuzikwa na serikali bila heshima, pamoja na wageni, katika shimo moja. Kwa hiyo watu walichanga senti kila juma katika chama cha kusaidiana. Chama kilihitaji chumba cha kukutania, na chumba kilikuwa cha mwenye nyumba ya bia. Hakutoza kodi ya fedha, bali wanachama walipaswa kununua bia. Hivyo mtu aliyetaka kumwekea mkewe akiba ya sanda alilazimika kunywa ili aiweke. Wapagazi na mafundi walitafutiwa kazi humo. Hata maiti ya mtu aliyekufa kwa ajali ililetwa mara nyingi katika nyumba ya bia, na hakimu wa vifo akaketi humo pamoja na wazee wa baraza kuchunguza sababu, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine kikubwa. Jambo hilo halikuzuiliwa kwa sheria mpaka mwaka 1902, na hapo nako ni mahali palipokuwa na chumba kingine cha kufaa.

Lakini baya kuliko yote lilikuwa la mshahara. Wasimamizi wengine waliwalipa watu wao ndani ya nyumba ya bia jioni ya Jumamosi. Sababu walizotoa zilikuwa kwamba hawana fedha ndogo ndogo, na mwenye nyumba anazo. Mara nyingi msimamizi na mwenye nyumba walikuwa na shauri moja. Watu walingoja saa nyingi, na katika kungoja walikunywa kwa deni, na deni likakatwa mshahara ulipofika. Wake zao walisimama nje mlangoni na vikapu vya sokoni, wakingoja kilichobaki. Wachimba makaa walikatazwa kulipwa hivyo mwaka 1842, lakini wafanya kazi wengine walingoja hata mwaka 1883. Miaka 41 ilipita kati ya sheria hizo mbili. Hapo ndipo tunapoona kosa la ulevi lilikuwa si la mnywaji peke yake, wala waliomhubiri yeye tu hawakulifikia shina lake.

Wahubiri walikuwapo. Mwaka 1832, katika mji wa Preston usio mbali na Manchester, Joseph Livesey na wenzake sita walitia sahihi kiapo cha kuacha vileo vyote, bia pamoja na mvinyo. Mwaka 1843 padre Theobald Mathew wa Ireland alikuja Manchester, na Waireland wengi waliokaa katika mitaa ya maskini wakapokea kiapo mbele yake. Tunawaheshimu watu hao. Lakini mtu aliyekwisha kuapa, jioni ile ile alirudi katika chumba kile kile cha unyevu, na chama chake cha maziko kilikutana pale pale.

Kwa hiyo walio na akili zaidi, kwa maoni yetu, ni wale wa Salford, ng'ambo ya mto, waliofanya chama mwaka 1835 wakajiita Warekabi, kwa jina la watu wale wa kitabu cha Yeremia, sura ya 35, waliokataa kunywa divai hata walipowekewa mabakuli mbele yao na nabii. Chama hiki kilifanya kazi ile ile ya vyama vingine, ugonjwa na maziko, ila hakikukutana katika nyumba ya bia. Hawakumwambia mtu aache kilabu tu. Walimpa mahali pengine pa kuweka senti yake. Chama kikaenea, hata nchi za mbali.

Wengine wakafuata njia hiyo, kila mtu kwa namna yake. Mji wa Manchester ulianza kuleta maji safi kutoka bonde la Longdendale mwaka 1851, na mwaka 1894 ukayaleta mengine kutoka ziwa Thirlmere, safari ya maili 96, yakiteremka yenyewe bila kusukumwa. Chai ikashuka bei. Mwaka 1886 Thomas Horsfall alifungua nyumba ya picha katika jumba kuukuu la Ancoats, ili wafanya kazi wapate mahali pa kuketi jioni, kutazama picha na kusikiliza muziki, bila kununua kitu. Baraza la mji likabomoa nyumba mbovu kando ya barabara ya Oldham, likajenga jengo la ghorofa 5, lililokwisha mwaka 1894, na karibu nalo nyumba zenye maji na choo ndani. Mtaa mmoja wa nyumba hizo ulipewa jina la Sanitary, maana yake Mtaa wa Usafi wa Afya. Baadaye wenyeji waliona haya kwa jina linalonuka choo, basi herufi ya kwanza na mbili za mwisho zikafutwa, na sasa mtaa waitwa Anita, kana kwamba ni jina la bibi fulani.

Sheria nazo zilibadilika. Mwaka 1869 ruhusa ya kuuza bia ilirudishwa mikononi mwa mahakimu. Mwaka 1904 mahakimu walipata uwezo wa kufunga nyumba zilizozidi, na mwenye nyumba alilipwa fidia, fedha zenyewe zikichangwa na wauzaji wenzake. Mwaka 1908 watoto wasiotimiza miaka 14 walikatazwa kuingia mahali pa kunywea. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, serikali ikapunguza saa za kuuza, na bia ikawa nyepesi na ghali. Nyumba zile ndogo za sebuleni zilikuwa za kwanza kufa, na hatuna machozi kwa ajili yake.

Walakini mwisho wa nyumba nyingi zilizobaki haukuletwa na mahakimu wala na wahubiri. Viwanda vya pamba vilififia, vikafungwa kimoja kimoja katika karne ya 20. Tangu miaka ya 1930, na zaidi katika miaka ya 1960, baraza la mji lilibomoa nyumba za wafanya kazi, likawahamishia watu katika mitaa mipya ya mbali kama Wythenshawe. Walipata bustani na bafu, wakafurahi. Lakini jirani wa miaka 30 alipelekwa kusini, na mwenziwe kaskazini. Nyumba ya bia pembeni mwa njia ilisimama peke yake kati ya kifusi, kama jino moja katika kinywa cha mzee, mpaka nayo ikafunga.

Na hapa liko jambo ambalo gazeti kama hili halina haki ya kulificha. Katika Ancoats, katika mtaa uitwao Blossom, lilijengwa mwaka 1859 kanisa la Mtakatifu Petro, la matofali, lenye mnara mrefu. Walilijenga ili kuwavuta watu hawa hawa. Bila shaka siku nyingine mhubiri alisema juu ya nyumba za bia zilizokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Watu walipohamishwa, nyumba za bia zilikosa wanywaji, na kanisa likakosa waaminio, kwa kuwa walikuwa watu wale wale. Kanisa lilifungwa mwaka 1960. Likakaa tupu miaka mingi, njiwa wakiingia darini.

Siku hizi viwanda vya Murray ni nyumba za kukaa, na wanaokaa humo si maskini. Nyumba ya bia iitwayo Smith's Arms, katika mtaa wa Sherratt, ilibomolewa katika karne hii yetu, ijapokuwa watu waliitetea. Edinburgh Castle, katika mtaa ule ule wa kanisa, ilifungwa miaka kadhaa, nayo imefunguliwa tena mwaka 2019, na humo watu hula chakula kizuri. Kanisa la Mtakatifu Petro lilitengenezwa, na tangu mwaka 2013 wanamuziki wa Hallé hufanyia mazoezi humo. Na mtu apitaye njiani jioni aweza kusikia vinanda kupitia madirishani.