Joto Ndilo Mpaka: Mashine na Kasi Masasi na Newala

Anayetaka kuandika historia ya mashine Masasi na Newala hana budi kuanza na maji na hewa kabla hajafika kwenye chuma. Mji wa Masasi umekaa chini, magharibi ya uwanda wa juu wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda huo, ikitazama bonde la Ruvuma. Mvua ya juu huzama mchangani na kutokea mabondeni, ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa Newala walishuka mteremko kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Katika nchi ya namna hiyo, kila mashine iliyoletwa iliulizwa swali moja: joto lake litaondolewa na nini? Hoja yangu ni kwamba swali hilo linaamua hata leo kama kuna faida ya kupandisha kasi ya prosesa ya kompyuta ya mezani kupita kiwango cha kiwandani. Kwa upande huu wa Kusini, upoozaji bora wa hewa unapaswa kutangulia kasi yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni wa vita. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia Kitangari na Newala, likavuka Ruvuma tarehe 25 mwezi huo, huku ukosefu wa maji ukiwatesa askari na wapagazi. Bunduki ya Maxim ya wakati huo ilipozwa kwa lita 4 hivi za maji zilizozunguka mtutu, na ilipofyatuliwa mfululizo maji hayo yalichemka na kupungua. Bunduki ya Lewis ya Waingereza ilifuata njia nyingine: mtutu wake ulizungushiwa mapezi ya alumini, joto likachukuliwa na hewa. Mapezi hayo ni kanuni ileile iliyomo leo kwenye hitisinki ya kompyuta. Miaka ya 1950 zikaja mashine za kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda, na tangu hapo ustawi wa vijiji ukategemea vyombo vinavyofanya kazi saa nyingi bila kupumzika. Mashine ya kazi ya mfululizo haipimwi kwa nguvu yake ya dakika moja.

Kompyuta ilichelewa kufika, na sababu zinajulikana. Serikali ya Tanzania ilianza kutumia kompyuta katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu wa Wizara ya Fedha kwenda kombo, ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua miaka ya 1980 na 1990. Umeme nao ulisuasua: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilianza kuzalisha umeme Mtwara karibu robo karne baadaye. Kwa hiyo kompyuta ilipokuwa kitu cha kawaida kwenye steshenari, studio za muziki na ofisi za ushirika, nyingi zilikuwa mtumba: mashine za ofisi za ng'ambo, zenye feni iliyokwisha kuchakaa na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Huko ng'ambo, ufundi wa kupandisha kasi ulizaliwa na ubahili wenye akili. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Wenye ujuzi walibadilisha kasi ya njia ya data kwenye madabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, nayo ikakimbia kwa megahezi 450, sawa na prosesa ya bei ya juu ya wakati huo. Gharama yake ilikuwa joto. Joto la prosesa hukua pamoja na kasi, na hukua kwa mraba wa volteji. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, joto linaongezeka kwa asilimia 33. Ndipo zikaja hitisinki ndefu zenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120, ambazo ndizo upoozaji bora wa hewa tunaouzungumzia.

Mtu atauliza kama hewa ya juu, iliyo nyepesi, si kikwazo kwa feni. Tupige hesabu. Kwenye kimo cha mita 700 hewa ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa asilimia 6 au 7, na hilo linaweza kuongeza digrii 2 au 3 kwenye prosesa ambayo kawaida huzidi joto la chumba kwa digrii 40. Lakini kupanda kimo hicho kwa kawaida hupunguza joto la hewa kwa digrii 4 hivi. Newala, basi, haipotezi kitu. Masasi, iliyo chini, ndiyo yenye mtihani mkubwa zaidi. Mtihani huo huja kwa msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kazi ya uzani, malipo na minada ya vyama vya ushirika kama MAMCU na TANECU hushika kasi Oktoba hadi Desemba, miezi yenye joto kali. Kompyuta inatakiwa kufanya kazi nyingi wakati hewa haina ubaridi wa kuiazima.

Pingamizi zito ni kwamba prosesa nyingi za kompyuta za ofisi zimefungwa kiwandani na hazipandishwi kasi hata ukitaka. Ni kweli, lakini pingamizi hili linaipa hoja yangu nguvu. Tangu zama za Pentium 4, prosesa iliyopata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Na tangu mwaka 2008 nyingi hujipandisha zenyewe pale zinapoona zimepoa. Ukisafisha vumbi, ukaweka pesti mpya na hitisinki kubwa inayoingia kwenye kasha lake, unarudishiwa kasi uliyokwisha kuilipia, bila kugusa volteji. Wengine watasema maji hupoza vizuri zaidi. Huenda, ila mfumo wa maji una pampu na mirija inayoweza kuvuja, na pampu ikifa Newala spea yake huenda ikaagizwa Dar es Salaam. Feni ikifa, fundi wa mjini hupata nyingine. Pingamizi la umeme kuyumba ninalikubali kabisa: volteji iliyopandishwa hadi ukingoni haivumilii umeme unaopanda na kushuka, na ugavi wa nguvu wa bei rahisi huiongezea hatari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya mpangilio. Shilingi ya kwanza iende kwenye usafi na pesti, ya pili kwenye hitisinki na feni, ya tatu kwenye UPS na stebilaiza. Kasi ya ziada ije mwisho, kwa hatua ndogo, ikipimwa saa nane mchana mwezi Novemba na si alfajiri ya Julai. Mwenye prosesa isiyofungwa, akifuata mpangilio huo, ana haki ya kujaribu. Anayeanza na kasi atalipia kompyuta nyingine katikati ya msimu wa korosho.