Umepata "Sarafu ya Roma" Mandera? Icheki Hivi Kabla Uchezwe

Sarafu ya zamani ikitoka kwa sanduku la ayeeyo, kelele huanza. Mtu anaona kichwa cha mfalme na herufi IMP, ashajiita milionea. Tulia walalo. Soma hii kabla uuze ama uuziwe.

YA ROMA INAKAAJE?

Karibu mwaka wa 23 KK, Kaisari Augusto alipanga upya chapaa za Roma. Mbili zikawa za shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sestertius ni kubwa, upana wa zaidi ya sentimita 3 na uzito wa karibu gramu 25. Dupondius ni kama nusu ya uzito huo. Sestertius 4 zilikuwa sawa na denarius 1 ya fedha. Kuanzia enzi ya Nero, kichwa kwa dupondius mara nyingi kina taji la miale ya jua.

Soma maandishi: IMP, CAES, AVG. U wanaandika V. Nyuma mara nyingi kuna SC, maana yake "kwa amri ya seneti". Ziligongwa na nyundo, so duara haijanyooka. Na hutapata mwaka kama 1921 hapo.

ZINAZOCHANGANYA WASEE

Mandera iko pale Kenya, Ethiopia na Somalia zinakutana, so chapaa za kila aina zimepita huko.

• Shilingi ya East Africa ya Mfalme George wa Tano: ina GEORGIVS na IMP, lakini pia mwaka na jina East Africa.
• Thaler ya Maria Theresa: IMP iko, lakini ni fedha na imeandikwa 1780. Hata zilizotengenezwa baadaye sana zina 1780 hiyo hiyo.
• Besa ya Waitaliano: ni ya shaba, ina kichwa cha Vittorio Emanuele wa Tatu na maneno Somalia Italiana. Zilianza 1909. Hii ndiyo inachezea watu zaidi.

ROMA ILIFIKA HUKU KWETU?

Biashara ilifika Pembe ya Afrika. Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kinasema shaba ya njano ililetwa Adulis, Eritrea ya leo. Watu waliifanya mapambo, wengine waliikatakata wakaitumia kama pesa.

Halafu kuna story ya Bur Gavo, pwani ya kusini ya Somalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mwingereza anaitwa Haywood alisema amepata sarafu huko, zingine za makaisari wa Roma. Noma ni kwamba zilikuwa za karne tofauti sana, na hazikuchimbwa na wataalamu. Mpaka leo wasomi wanazitilia shaka.

SASA UFANYE?

Usiisugue na ndimu ama sabuni ya unga, utaharibu. Piga picha pande zote mbili, pima uzito, andika ilitoka wapi exactly. Ukiona mstari wa kuunganisha ukingoni, huenda ni feki ya kumiminwa.

Kama imetoka ardhini, waarifu National Museums of Kenya. Chini ya sheria ya 2006, kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. So broker akikuambia "tuma haraka Dubai", achana naye.