Kitalu Nyuma ya Jiko: Jinsi Mche wa Kahawa Ulivyosambaa Kilema

Desemba ikifika tunapanda nyumbani na mchele, mafuta, sukari na nguo za watoto. Tunaposhuka Januari, buti za magari zinarudi na mkungu wa ndizi, magimbi, maparachichi na, kwa wengi wetu, mche mmoja au miwili iliyofungwa kwa jani la mgomba ili udongo usimwagike. Mama hatuulizi kama tuna mahali pa kuupanda huko Dar es Salaam. Ameotesha, basi anagawa. Mwingine anapelekewa shangazi aliyeolewa Kirua, mwingine jirani wa ng'ambo ya mfongo ambaye mwaka jana alituletea mbegu za maboga.

Mwaka huu kamati imetuomba sisi tunaoshika vitabu vya fedha vya chama tueleze kwa nini fedha za harambee zimeelekezwa kwenye kitalu cha mikahawa kabla ya kumalizia ukumbi. Swali hilo liliulizwa kwenye kikao cha Dar es Salaam, tena kwa sauti kubwa kidogo. Tulijaribu kulijibu kwa jedwali la mapato na matumizi, tukaona halitoshi. Jibu lake liko nyuma zaidi ya hesabu zetu, kwa hiyo tunaomba uvumilivu.

Kahawa haikuwa mali ya Kilimanjaro. Vihamba vya babu zetu vilikuwa na migomba, magimbi, viazi vikuu na maharage chini ya miringaringa na miruka, na sale kwenye mipaka. Buni ililetwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadri hao walitoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wakafika Zanzibar, kisha mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Walitembea na mbegu. Aina ya kahawa waliyokuwa nayo bado inaitwa Bourbon hadi leo, kwa jina la kisiwa kile. Walipofika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuweka misheni yao ya kwanza hapa kwetu Kilema, bustani ilikuwa sehemu ya misheni kama kanisa na shule. Mwaka 1898 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kahawa kuanza Kilema, na kutoka hapa ikaenea mlima mzima.

Tunajivunia jambo hili, na tunalisema hata pale ambapo wenzetu wa Machame hawapendi kulisikia. Lakini mapadri wachache hawawezi kujaza mlima kwa mikahawa. Waliopeleka mti ule kutoka bustani ya misheni hadi kwenye vihamba vya watu ni wakristo wa kwanza, vibarua wa misheni, wajukuu wao na majirani wa wajukuu hao, na walitumia njia ile ile ambayo mama zetu wanaitumia kwa maboga.

Hapa inafaa tueleze kidogo tabia ya mti wenyewe. Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Maana yake mbegu uliyookota chini ya mkahawa mzuri wa jirani itakupa, kwa kiasi kikubwa, mkahawa unaofanana na wa jirani. Si kama embe au parachichi, ambapo unapanda kokwa la tunda tamu ukasubiri miaka mingi, mwisho ukapata maji na nyuzi. Kwa tabia hiyo kahawa ilifaa sana kugawiwa. Mtu hakuhitaji bwana shamba, stakabadhi wala nauli, ilimradi tu jirani awe na mti mzuri na wawe wanasalimiana.

Sisi tuliokulia kwenye vihamba hivyo miaka ya themanini tunaikumbuka kazi yake. Mama alichagua mkahawa mmoja au miwili, isiyokuwa mizee sana, yenye matawi mazito, na alichuma matunda mekundu ya katikati ya mti, si ya kileleni wala ya chini kabisa. Aliyamenya kwa vidole. Buni zilitiwa kwenye sufuria ya maji, zilizoelea zikatupwa, zilizozama zikaoshwa utelezi na kuanikwa kivulini. Ganda la ndani halikutolewa, na jua halikuruhusiwa kuzigusa. Hazikuwekwa pia hadi mwakani, kwa sababu mbegu ya kahawa hufa mapema. Miezi michache tu, na mbegu iliyoonekana nzima haioti tena.

Kitalu kilikuwa nyuma ya jiko, na hapo palikuwa na sababu. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa karibu, majivu yalikuwa karibu, na kuku walionekana mapema kabla hawajafukua. Buni zililazwa kwenye udongo laini, upande bapa ukitazama chini, zikafunikwa kwa majani makavu ya migomba. Kisha kusubiri. Wiki sita, nane, huku juu kwenye baridi wakati mwingine zaidi. Sisi watoto tulikuwa tukifunua majani kila siku tukidhani hazitaota kamwe, hadi asubuhi moja tunakuta vijiti vimesimama, kila kimoja kimebeba buni yake kichwani kama njiti ya kiberiti. Baadaye ganda linadondoka na majani mawili ya duara yanafunguka. Hapo mama alianza kuhesabu, na kila mche ulikuwa na jina la mtu kabla haujahamishwa kwenye kiriba au kwenye kikopo cha gome la mgomba. Huu wa babu mdogo, hii kumi ya mwanangu aliyegawiwa kihamba juzi, hii ya mjane wa pale chini. Iliyobaki ilikuwa ya dharura, kwa sababu daima alipita mtu akaomba.

Tusiipake sukari habari hii. Fedha za kahawa zilikuwa za baba. Kadi ya chama cha msingi ilikuwa na jina lake, na mzani ulipopimwa ni yeye aliyepokea. Aliyeotesha, aliyemwagilia na aliyejua mti upi ni mama wa mti upi hakuwa kwenye daftari lolote. Tumeyapitia madaftari mengi katika kazi zetu na hatujawahi kuona safu ya namna hiyo.

Turudi kwenye miaka. Waingereza waliichukua Moshi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Miaka michache baadaye akaja ofisa wa wilaya, Charles Dundas, aliyewahimiza Wachagga kwa nguvu zote walime kahawa yao wenyewe. Walowezi hawakufurahi. Walidai mikahawa ya vihambani ingekuwa makao ya wadudu na magonjwa yatakayoambukiza mashamba yao makubwa, na kwamba kahawa ya wizi ingepata pa kujificha. Hofu yao nyingine, ya kukosa vibarua, hawakuitangaza sana. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha Kilimanjaro Native Planters' Association, kiongozi wake akiwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa ili hoja ya walowezi isipate nguvu. Wenzetu wa Kenya walizuiwa kulima arabika kwa miaka mingi. Sisi hatukuzuiwa, na tunaamini sababu mojawapo ni kwamba wakati wakubwa wanabishana maofisini, miche ilikuwa tayari imeshapita kwenye ua wa nyumba hadi nyumba. Ni vigumu kupiga marufuku kitu ambacho kila mtu amepewa na shemeji yake.

KNCU ilichukua nafasi ya chama hicho mwaka 1933, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti kikaanzishwa Lyamungu. Kutoka Lyamungu zilipatikana aina ambazo wazee bado wanazitaja kwa namba kama majina ya watoto: N39, iliyochaguliwa kutoka kwenye ile Bourbon, na KP423. Hizi nazo zilioteshwa kwa mbegu, na kwa hiyo nazo ziliingia kwenye mzunguko ule ule. Aliyebahatika kupata miche ya Lyamungu leo, baada ya miaka michache alikuwa na mbegu za kugawa. Mafanikio ya kilele hicho tunayajua sote, maana tuliosoma tulisomeshwa nayo. Karo, bati, saruji ya nyumba ya kwanza, yote yalipita kwenye mzani wa kahawa.

Halafu ikaja chulebuni. Ugonjwa huu ulitufikia katika miaka ya sitini. Unaingia kwenye tunda bichi, linapata madoa meusi yaliyobonyea, na buni ndani inaoza kabla haijaiva. N39 na KP423, pamoja na uzuri wake wote kikombeni, hazikuwa na kinga. Tangu hapo kahawa ikawa kazi ya pampu. Kila msimu lazima mrututu au dawa nyingine ya shaba, tena mara nyingi, na kutu ya majani nayo ilikuwa inasubiri. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa miaka ya themanini vikiwa vimechoka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yakaporomoka. Ruzuku za dawa zikaondoka. Mkulima mwenye miti mia tatu akajikuta anatumia kwenye pampu zaidi ya anachopata kwenye mzani. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Wengine waling'oa kimyakimya wakapanda migomba na nyanya, wengine waliiacha miti isimame kama wazee wasiotembelewa.

Na kitalu nyuma ya jiko kikafa pole pole. Nani angemgawia jirani mche ambao ni mzigo?

Tangu mwaka 2001 kituo cha Lyamungu ni makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, na kuanzia 2005 imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Tumeziona kwenye vihamba vya jirani zetu. Zinazaa mapema, zinazaa vizuri, na pampu inakaa stoo. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wetu huku mjini hatukulielewa, na ndilo lililofanya kamati ibadili mipango. Chotara haigawiki kwa mbegu. Ukiokota buni chini yake ukaotesha, watoto wanatawanyika. Mmoja amefuata upande huu wa ukoo, mwingine ule, na kinga inaweza kupotea kabisa. Ili upate mti ule ule lazima ukate vikonyo kutoka kwenye chipukizi zilizonyooka, uvioteshe mizizi kwenye sanduku lenye unyevu na kivuli, kisha uhamishie kwenye viriba. Miti inayokatwa vikonyo hupandwa peke yake, kwa karibukaribu, na huitwa bustani mama.

Mama zetu hawakuambiwa hivyo. Walifanya walivyozoea. Walipewa tunda jekundu la chotara na ndugu mwenye mapenzi mema, wakaotesha, wakagawa, na miaka mitatu baadaye nusu ya miti ikawa na madoa meusi. Walilaumiwa kwamba hawafuati utaalamu, ilhali walifuata utaalamu uliofanya kazi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na sisi wenyewe hatukufanya vizuri zaidi. Kuna mwaka chama kilinunua miche ya "chotara" kwa mfanyabiashara mmoja wa barabarani, tukaigawa kwa sherehe na picha. Aliotesha kwa mbegu, hakutueleza, nasi hatukuuliza. Iliyopona masika ya kwanza iliugua ilipoanza kuzaa. Kiasi hicho bado kimo kwenye vitabu vyetu kama hasara, na hatujakifuta ili tukumbuke.

Kwa hiyo tunachoomba mwaka huu ni bustani mama moja na kivuli cha kuoteshea, kwenye eneo lililotolewa na ukoo mmoja karibu na mfongo ambao bado unatiririsha maji kiangazi. Miti mama itatoka kituoni, si barabarani. Kina mama kumi na wawili wa kitongoji wamekubali kujifunza kukata na kuotesha vikonyo, na safari hii majina yao yameandikwa kwenye daftari la kitalu, pamoja na sehemu yao ya mauzo. Theluthi moja ya miche haitauzwa. Itagawiwa na wao wenyewe, kwa wanaowachagua, na kamati haitaomba orodha ya wapokeaji. Mkaguzi wetu alikunja uso kwenye kipengele hicho. Tulimweleza historia hii, akasaini.

Mchanganuo wa gharama uko ukurasa wa nyuma pamoja na namba ya akaunti ya chama. Atakayekuwa nyumbani kabla ya Krismasi apite eneo la kitalu Jumamosi asubuhi, mashimo ya nguzo yatakuwa yanachimbwa. Aje na jembe na, kama anaweza, magunia ya samadi. Mbege itakuwepo.