Kupunguza uzito: Hamu huisha mapema, mazoea ndiyo hudumu

IFIKAPO Januari ya kila mwaka, idadi ya watu wanaotembea na kukimbia alfajiri katika ufukwe wa Coco na barabara nyingine za Dar es Salaam huongezeka kwa namna inayoonekana kwa macho. Wengi huwa wamevaa raba mpya. Mwishoni mwa Februari idadi hiyo hupungua, na raba hizo hurudi chini ya kitanda.

Wanaoacha huambiwa, na wao wenyewe hujiambia, kwamba hawana nia. Lawama hiyo haiwatendei haki, kwani mwili wenyewe hupinga kupungua. Mwaka 2011, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Australia kwa watu 50 waliozidi uzito. Baada ya kula chakula kidogo sana kwa wiki 10, waliomaliza walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 13 na nusu. Mwaka mmoja baadaye walipopimwa tena, homoni inayochochea njaa ilikuwa bado juu kuliko mwanzo, na wahusika walisema bado wanahisi njaa zaidi. Kwa maneno mengine, anayejinyima kwa pupa hupambana na tumbo lake mwenyewe kwa muda mrefu baada ya shangwe za mwanzo kwisha.

Ndiyo maana ni muhimu kujua tangu awali nini cha kutarajia. Wiki ya kwanza au ya pili mizani hushuka haraka, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji. Baada ya hapo, kiwango ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa salama ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Kisha hufika wakati ambapo mizani hugoma kabisa, kwa kuwa mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ule wa awali. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani wamekosea mahali fulani.

Lengo nalo liwe la kufikika. Chukua mfano wa mtu mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.65. Ukigawanya uzito wake kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 30.1. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mtu huyu akiambiwa ashuke hadi kilo 60, huenda asianze kabisa. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ukihusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, uliwapa washiriki wa kundi moja lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Kwa mtu wetu wa kilo 82, asilimia 7 haifiki hata kilo 6.

Tukija kwenye chakula, tatizo la mkazi wa mjini si ugali. Ni sahani ilivyopangwa. Kwa mama lishe wengi, mteja hupewa mlima wa wali, kipande cha nyama, na mboga za majani zisizozidi kijiko kimoja pembeni. Igeuze sahani hiyo: nusu iwe mchicha, matembele, kabichi au kachumbari, robo iwe wali, ugali au ndizi, robo inayobaki iwe maharage, samaki, dagaa au kuku. Hakuna aibu kumwomba mama lishe apunguze wali na kuongeza mboga. Mwandishi wa makala haya amefanya hivyo mara nyingi, na jibu baya kuliko yote aliyowahi kupata ni kuulizwa kama mshahara umechelewa.

Dona hukaa tumboni muda mrefu kuliko sembe iliyokobolewa, kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Maharage, kunde na choroko navyo hushibisha kwa gharama ndogo, kwa hiyo dai kwamba kula vizuri ni kwa wenye fedha halina uzito sana. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hubeba kalori 120 hivi, na sufuria la mboga likimiminiwa mafuta kwa makisio ya macho, vijiko vinne au vitano hupita bila mtu kujua. Chipsi mayai, chapati, vitumbua na maandazi viko katika kundi hilohilo. Si lazima kuviacha. Viwe vya siku maalumu badala ya kila asubuhi.

Soda ni habari nyingine. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hadi 40, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015, WHO ilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Juisi nayo si salama kama inavyodhaniwa, kwa kuwa glasi moja hukamuliwa machungwa matatu au manne. Chungwa lenyewe hutosha.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya kigeni haviandiki. Katika jamii yetu, kunenepa ni kunawiri. Mume ambaye mkewe amekonda husemwa kuwa hamtunzi. Na tangu janga la UKIMWI, anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini: "Mwenzetu, unaumwa?" Wapo walioacha mazoezi na kurejea kwenye chapati kwa sababu ya swali hilo tu. Njia inayosaidia ni kutangulia kusema. Waeleze watu wa nyumbani, hasa anayepika, kwamba unapunguza uzito na sababu yake, iwe ni shinikizo la damu, magoti au kisukari cha ukoo. Ukikaribishwa chakula ugenini, usikatae, maana ni kumvunjia heshima mwenyeji; pakua kidogo na ule taratibu.

Kuhusu mazoea, watafiti wa University College London waliripoti mwaka 2010 kwamba jambo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa desturi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya miezi minane. Hivyo anza na jambo moja, kwa mfano kushuka kituo kimoja kabla ya kwako na kutembea. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Mizani ikigoma, pima kiuno: kwa WHO, hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Chai na vidonge vinavyouzwa mitaani kwa ahadi ya kupunguza kilo 10 kwa wiki vingi huharisha au hukojoza tu, na maji yanayotoka hurudi. Kabla ya kununua, uliza kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kuanza kujinyima chakula bila ushauri. Wanaotumia insulini au dawa za shinikizo la damu wamwone daktari kwanza, kwa kuwa uzito ukishuka dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.