"Itarudi tu": Kwa nini treda hushindwa kukubali hasara

Saa nane usiku, simu iko mkononi. Bei inazidi kushuka. Treda anajua anatakiwa kufunga biashara hiyo, lakini anajiambia: "Itarudi tu."

Maneno hayo mawili yamewagharimu wengi, na hata benki kubwa.

Hasara inauma kuliko faida inavyofurahisha

Mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kuwa kupoteza pesa humuuma mtu zaidi ya anavyofurahia kupata kiasi kilekile. Akishaingia kwenye hasara, huwa tayari kubahatisha zaidi ili tu asiikubali.

Ndiyo maana wengi huuza haraka kinachopanda na kung'ang'ania kinachozama. Ukifunga, hasara imekuwa ya kweli. Usipofunga, bado una tumaini.

Yaliyoikuta Barings

Nick Leeson alikuwa treda wa benki ya Uingereza, Barings, huko Singapore. Hasara zake alizificha kwenye akaunti namba 88888. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Kobe, Japani, Januari 17, 1995, soko la hisa liliporomoka. Badala ya kutoka, akaongeza dau.

Mwezi uliofuata benki hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1762, ikaanguka kwa hasara ya pauni milioni 827. ING ya Uholanzi iliinunua kwa pauni 1. Leeson, aliyekuwa na miaka 28, alihukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu.

Mwili nao unashiriki

John Coates, aliyewahi kuwa treda Wall Street, na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima mate ya matreda 17 wa London. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa soko likiyumba, homoni ya msongo, kotisoli, nayo hupanda. Kwa hiyo kumwambia mtu "tulia" wakati huo hakutoshi.

Kinachosaidia

- Amua kiwango cha hasara kabla ya kuingia, na weka amri ya kufunga yenyewe bei ikifika hapo.
- Ukipoteza, pumzika. Usirudi sokoni kulipiza kisasi.
- Usitumie pesa ya kodi, ada wala mkopo.
- Mwambie mtu unayemwamini. Hasara inayofichwa ndiyo hukua.

Hilo la mwisho linawahusu sana vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya forex kwa simu. Treda wa benki ana bosi wa kumkagua. Wao wako peke yao chumbani, na nyumbani hakuna anayejua.

Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya kubashiri bei, ikiwemo ya forex, hupoteza pesa.

Kupoteza, basi, si aibu. Hatari ni kukataa kukubali kwamba umepoteza.