Safari ndefu ya kompyuta inayokosea

Rolf Landauer hakuwa mtu wa kushangilia mapema. Mwanafizikia huyu alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1927, akakimbilia Marekani akiwa mtoto kwa sababu ya utawala wa Wanazi, na sehemu kubwa ya maisha yake akafanya kazi katika idara ya utafiti ya kampuni ya IBM, jimbo la New York. Miaka ya 1990, wenzake walipoanza kumwaga makala za kisayansi kuhusu kompyuta ya aina mpya kabisa, aliwasihi kila makala iwekewe onyo. Kwa ufupi lilisema hivi: mpango huu unategemea teknolojia ya kukisia, haujazingatia kelele zote wala dosari zote za utengenezaji, na huenda usifanye kazi.

Ajabu ni kwamba shamba alilokuwa akilitilia shaka alikuwa amelifyeka mwenyewe. Mwaka 1961 Landauer aliandika kwamba huwezi kufuta taarifa, hata biti moja tu, bila kutoa joto. Kabla yake ukokotoaji ulichukuliwa kuwa jambo la mantiki, la kwenye karatasi. Yeye akasema hapana, taarifa hukaa ndani ya vitu, kwa hiyo inatawaliwa na sheria za fizikia kama vitu vingine vyote. Mwenzake wa IBM, Charles Bennett, akaongeza mwaka 1973 kwamba inawezekana, walau kwa nadharia, kuwa na kompyuta inayokokotoa kwenda mbele na kurudi nyuma bila kufuta chochote.

Kwa nini kampuni ya mashine za ofisini imlipe mtu mshahara awaze joto la biti moja? Siku hizo ilikuwa inawezekana. IBM ilitawala soko la kompyuta kubwa, na AT&T, mwenye Bell Labs ya New Jersey, alikuwa na ukiritimba wa simu Marekani hadi ulipovunjwa mwaka 1984. Faida ilikuwa ya uhakika, na mwanasayansi aliweza kuachwa na swali lake kwa miaka. Transista ilizaliwa Bell Labs mwaka 1947 katika mazingira hayohayo. Nina mashaka kama wenye hisa wa leo wangevumilia.

Mei 1981 chuo cha MIT na IBM waliitisha mkutano katika jumba la Endicott House, nje kidogo ya Boston, kuzungumzia fizikia ya ukokotoaji. Richard Feynman, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, aliwaambia waliohudhuria kwamba kompyuta za kawaida zinashindwa kuiga mwenendo wa atomu kwa sababu hesabu inavimba kupita kiasi kila unapoongeza chembe. Anayetaka kuiga maumbile, alisema, atengeneze mashine inayofuata sheria zilezile za maumbile, yaani sheria za kwantumu. Paul Benioff wa maabara ya Argonne alikuwa ameshaandika jambo la jamaa moja na hilo mwaka 1980, na mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford akaeleza kwa hisabati kompyuta ya namna hiyo ingekuwaje.

Kyubiti, ambayo ndiyo biti ya mashine hii, haiko sifuri wala moja hadi ipimwe. Kabla ya hapo inabeba mchanganyiko wa hali hizo mbili. Kyubiti kadhaa zikiunganishwa, hali ya moja haielezeki tena bila kutaja hali ya nyingine. Wengi huandika kwamba kompyuta ya kwantumu hujaribu majibu yote kwa pamoja na kuchagua lililo sahihi. Sivyo. Ukipima unapata jibu moja tu, na laweza kuwa baya. Ujanja ni kuipanga hesabu ili njia za majibu mabaya zifutane, kama mawimbi yanavyofutana, na njia za jibu jema zitiane nguvu. Ndiyo maana mashine hii inafaa kwa matatizo machache yenye umbo maalumu. Haitakuja kuifanya simu yako iwe na kasi zaidi.

Tunda la kwanza la utafiti huu halikuwa kompyuta. Mwaka 1984 Bennett na Gilles Brassard wa Montreal walibuni njia ya kupelekeana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga, ambapo anayedukiza huacha alama kwa kule kudukiza tu. Mwaka 1989 kifaa cha majaribio kilifanya kazi katika maabara ya IBM, kikituma mwanga umbali wa sentimita kama 30. Brassard alitania baadaye kwamba kilikuwa salama kabisa dhidi ya mdukizi yeyote aliye kiziwi, maana vifaa vyake vilitoa sauti tofauti kulingana na ujumbe uliokuwa ukitumwa.

Mambo yaligeuka mwaka 1994. Peter Shor, mwanahisabati wa Bell Labs, alitoa mhadhara Jumanne moja akionyesha kuwa kompyuta ya kwantumu ingeweza kutegua fumbo moja gumu la hisabati linalotumika katika usimbaji wa siri. Wikiendi ile, akiwa nyumbani na mafua, alipigiwa simu na Umesh Vazirani wa Berkeley: nimesikia unaweza kupata vigawo tasa vya namba kubwa, nieleze unafanyaje. Hilo halikuwa fumbo alilolieleza Jumanne. Uvumi ulikuwa umepotosha habari njiani. Lakini katika siku zilezile tano Shor alikuwa ameshalitegua na hilo la vigawo, hivyo uvumi ukamkuta tayari na jibu.

Uzito wa jambo hilo uko hivi. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi kwa kompyuta yoyote. Kupewa zao lake na kuambiwa utafute namba zile mbili ni kazi ambayo kompyuta zote za kawaida duniani haziimalizi kwa muda wenye maana, namba hiyo ikiwa na tarakimu zaidi ya 600. Juu ya ugumu huo ilijengwa RSA, kufuli iliyolinda benki, barua pepe na nyaraka za serikali kwa miongo. Shor alionyesha kwamba kufuli hiyo ina ufunguo, ila mashine ya kuuchonga haijatengenezwa.

Hapo ndipo onyo la Landauer lilipokuwa na nguvu. Kyubiti huharibiwa na joto kidogo, mtikisiko, mawimbi ya redio, hata mionzi kutoka angani. Kompyuta ya kawaida hujilinda kwa kunakili biti na kulinganisha nakala, lakini hali ya kwantumu isiyojulikana hainakiliki, na ukiichungulia unaiharibu. Wengi waliona mjadala umeishia hapo. Mwaka 1995 Shor alionyesha jinsi ya kutawanya taarifa ya kyubiti moja ndani ya kyubiti tisa ili kosa ligundulike bila taarifa yenyewe kuchunguliwa. Tangu siku hiyo makosa yamekuwa tatizo la uhandisi. Landauer alifariki mwaka 1999, kabla hajaona uhandisi huo ukifika mbali.

Ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2001 maabara ya IBM ya Almaden, California, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford, ilitumia viini saba vya atomu ndani ya molekuli moja kutekeleza hesabu ya Shor, ikatoa jibu kwamba 15 ni 3 mara 5. Mtoto wa shule ya msingi angewatangulia. Njia hiyo ya molekuli haikuweza kukuzwa. Iliyoweza ilitoka Japani, ambako mwaka 1999 watafiti wa kampuni ya NEC mjini Tsukuba walitengeneza kyubiti kwa kipande cha metali kilichopoozwa hadi kinapitisha umeme bila ukinzani. Kiungo chake muhimu ni kile kiitwacho kiungo cha Josephson. IBM ilikuwa imetumia miaka mingi ikijaribu kujenga kompyuta ya kawaida kwa viungo hivyohivyo, ikauvunja mradi mwaka 1983. Leo chipu zake za kwantumu zimejaa viungo vya Josephson.

Chipu hizo hukaa chini kabisa ya jokofu lenye baridi kuliko anga za mbali, sehemu ndogo tu ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi. Mei 2016 IBM iliunganisha moja yenye kyubiti tano kwenye intaneti, yeyote aijaribu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kikawa mshirika wa kwanza barani Afrika katika mtandao wa IBM wa kompyuta za kwantumu, kikitarajiwa kuwa mlango wa vyuo wenzake vya utafiti, vikiwemo Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Rwanda.

Kisha zikaja enzi za matangazo. Oktoba 2019 Google ilisema chipu yake ya Sycamore, yenye kyubiti 53 zinazofanya kazi, ilimaliza kwa sekunde 200 hesabu ambayo ingeichukua kompyuta kuu miaka 10,000. IBM ikajibu: siku mbili na nusu zinatosha. Baadaye watafiti wa China waliifanya kwa saa kadhaa kwa kutumia vichakataji vya kawaida vya michoro. Hesabu yenyewe haikuwa na matumizi yoyote. Ilichaguliwa kwa sababu ni ngumu kuiiga. IBM nayo ilishindana kwa idadi: kyubiti 127 mwaka 2021, 433 mwaka uliofuata, 1,121 mwaka 2023. Idadi hiyo ilipendwa sana na vyombo vya habari, na kwa maoni yangu ilitupoteza wengi. Siku IBM ilipotangaza chipu ya 1,121 ilitangaza pia nyingine ya 133 yenye makosa machache zaidi, na hiyo ndogo ndiyo iliyojengewa mashine zilizofuata.

Microsoft ilichagua njia yake, kutafuta kyubiti ambayo kwa maumbile yake haikosei kirahisi. Mwaka 2018 kundi la Delft, Uholanzi, lililoshirikiana nayo lilichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa hali ya kifizikia inayohitajika kwa kyubiti hiyo. Mwaka 2021 waandishi wakaiondoa makala yao baada ya wenzao kukagua takwimu. Februari 2025 kampuni ilizindua chipu iitwayo Majorana 1 kwa shangwe kubwa, ilhali wahariri wa jarida hilohilo waliweka wazi kwamba matokeo yaliyochapishwa hayathibitishi kuwepo kwa hali ile inayotafutwa.

Habari nzito kuliko zote hizo ni hii. Desemba 2024 Google ilionyesha kwa chipu ya Willow, kyubiti 105, kwamba kadiri inavyotumia kyubiti nyingi zaidi kulinda taarifa moja, makosa yanapungua kwa takriban nusu kila hatua badala ya kuongezeka. Hilo lilisubiriwa tangu karatasi ya Shor ya 1995. IBM nayo inaahidi kwamba kufikia mwaka 2029 itakuwa na mashine yenye kyubiti 200 zilizolindwa hivyo, huko Poughkeepsie, New York. Ahadi ni ahadi. Msingi wa chipu hizi, walau, umeshaheshimiwa: mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio waliyofanya Berkeley miaka ya 1980 juu ya saketi za viungo vya Josephson. Wawili wa mwisho wamefanya kazi Google.

Kwa mtu wa Mwanza au Mombasa anayetuma fedha kwa simu, hakuna kufuli iliyovunjwa. Lakini makadirio yanashuka. Mwaka 2019 Craig Gidney wa Google na Martin Ekerå wa Sweden walikadiria kwamba kuvunja RSA ya kawaida kungehitaji kyubiti milioni 20. Mei 2025 Gidney aliandika kwamba chini ya milioni moja zingetosha, kwa muda usiofika wiki. Mashine ya ukubwa huo haipo. Anayenakili data zilizofungwa leo, hata hivyo, anaweza kuzitunza akiisubiri.

Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kufuli mpya zisizotegemea vigawo tasa. Watafiti wa IBM wa Zurich walishiriki kubuni viwili. Kubadilisha kufuli katika mfumo mkubwa huchukua miaka. Hospitali, benki na ofisi za ardhi zenye kumbukumbu zinazotakiwa kubaki siri kwa miaka 20 zisisubiri tangazo jingine la idadi ya kyubiti. Ziwaulize walioziuzia mifumo, na ziwaulize sasa: kufuli zetu mtazibadilisha lini?